Siku yangu moja chumba cha plasta, Mbeya

Watu wakisikia nafanya kazi hospitali wanauliza kama mimi ni nesi au daktari. Nikiwajibu kwamba nafunga hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa uliovunjika, maongezi yanaishia hapo. "Ah, ile ya kuzungushia chokaa." Si chokaa, ni jasi iliyochomwa, na mkono usiojua kazi ukiifunga vibaya mtu anaweza kupoteza mguu. Nimeichagua Jumanne moja ya Julai niwaonyeshe siku yetu inavyokwenda.

Saa 11 alfajiri niko macho. Baridi ya Uyole mwezi huu haina mchezo. Chai ya rangi, viazi vya kuchemsha, kitenge juu ya sweta, daladala. Saa 1 nimeshafagia chumba, nimepanga soksi, pamba na plasta za inchi nne na za inchi sita, na birika liko jikoni. Maji ya kulowekea nayataka vuguvugu. Yakiwa ya moto, plasta inashika kabla sijamaliza kuilaza, tena yenyewe inatoa joto ikianza kukauka, kwa hiyo ngozi ya mgonjwa inaweza kuungua.

Saa 2 foleni inaanza. Mtoto wa Igawilo aliyedondoka kwenye mparachichi, mfupa wa mkono umepasuka upande mmoja na upande wa pili umepinda tu, ndivyo mifupa ya watoto inavyovunjika. Bibi kutoka Rungwe aliyeteleza kwenye matope, kiwiko kizima ila kifundo cha mkono kimekwenda. Nikamaliza kumfunga, akaniambia "ndaga fijo" na kunishika shavu kwa mkono wake mzima. Wengine wawili watatu wa kubadilishiwa. Hakuna la kusimulia.

Saa 4 akaingia kijana wa bodaboda na mama yake. Magongo kwapani, hogo kutoka pajani mpaka vidoleni. Alivunjika mfupa wa ugoko Mlima Nyoka, na hii ilikuwa wiki yake ya tano. Hata salamu hakumaliza.

"Sista, leo naomba ulikate hili."

"Daktari amesema?"

"Mguu ni wangu, sista. Hauumi, haujavimba. Umepona."

Nikamwomba akae, nikachukua picha yake ya eksirei, akaendelea kuongea mgongoni kwangu. Pikipiki ni ya mkataba. Tajiri kashasema mwisho wa mwezi anampa mtu mwingine chombo. Halafu kijijini kwa mjomba wake kuna mzee anaunga mifupa, mtu aliyevunjika mguu kwa mzee huyo alitembea ndani ya wiki mbili. Na rafiki yake ana kisu kizuri, akitaka analikata nyumbani usiku huohuo. Mama yake akanitazama: "Mwanangu, mweleze wewe. Mimi nimeongea mpaka koo limekauka."

Nje watu wamejaa benchi zote. Lakini huyu nikimwachia aondoke na hasira, kesho hogo liko jalalani na baada ya miezi anarudi na mfupa uliogoma kuunga. Nimewaona wa namna hiyo, na wengine wanaishia kwenye upasuaji ambao familia inauza shamba kuulipia. Nikafunga mlango.

Nilimwambia kwanza kwamba hogo haliungi mfupa. Hakutegemea nianze hivyo, akanyamaza. Kinachounga mfupa ni seli zake mwenyewe, na zinafanya kazi kwa kupeana taarifa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mguuni mwake mbiu ya kwanza ililia palepale barabarani. Damu iliyomwagika kwenye uvunjo iliganda, na chembe za kugandisha damu zikaachia protini za kuziita seli nyingine. Zikaja chembe nyeupe, nazo zikamwaga kemikali zao, mojawapo inaitwa TNF. Ule uvimbe na maumivu yaliyomliza siku za mwanzo ndiyo kazi yenyewe ilivyokuwa ikianza. Kwa panya wa maabara TNF inapanda ndani ya siku ya kwanza na kushuka karibu saa 72 baadaye, na panya wasio na uwezo wa kuipokea mifupa yao inachelewa kuunga. Kwa hiyo taarifa ile inatakiwa ije, ifanye kazi yake, iondoke. Ikikaa muda mrefu, kama inavyotokea kwa wenye kisukari, inaharibu.

"Sasa imeondoka," akasema. "Ndiyo maana hauumi."

Kijana ana akili. Ndiyo, imeondoka, lakini iliyokuja kuumiza siyo inayojenga. Kwenye utando unaofunika mfupa na ndani ya uboho kuna seli shina ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zikipata taarifa sahihi zinageuka kuwa seli za gegedu, ile tishu laini kama ya sikioni, au za mfupa. Mwaka 1965 daktari wa Marekani, Marshall Urist, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, unafanya mfupa mpya uote palepale msulini. Maana yake ndani ya mfupa kuna kitu kinachotoa amri. Baadaye ikajulikana kitu hicho ni protini, zikaitwa BMP. Panya waliokosa BMP-2, mojawapo ya protini hizo, kwenye miguu yao mivunjo haikuanza hata kupona. Leo madaktari katika baadhi ya nchi huiweka protini hiyo kwenye mivunjo mibaya ya ugoko, na kijana huyu anayo ya kwake bure, inafanya kazi usiku na mchana.

Nikapandisha picha kwenye taa. Nikamwonyesha ule weupe hafifu uliouzunguka uvunjo. Kinachoanza ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Weupe huu ni chumvichumvi za kalsiamu zilizoanza kuingia. Katikati mstari mweusi ulikuwa bado unaonekana wazi. "Hapa ukikanyaga bila kitu," nikamwambia, "unachana mishipa midogo ya damu inayoota sasa hivi. Seli zikikosa damu na zikivutwavutwa hazitengenezi mfupa, zinatengeneza nyuzinyuzi. Mguu unabaki na kiungo cha uongo katikati ya ugoko." Mama yake akashika kichwa.

Nikauliza habari ya sigara. Akamwangalia mama yake, mama akajibu badala yake: anavuta. Na dawa? Diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa, kila siku, tangu mwanzo. Nikamweleza kwamba nikotini inabana mishipa na wavutaji wanachelewa kuunga, hilo halina ubishi. Kuhusu diklofenaki, kwa wanyama imeonekana dawa za jamii yake zikizuia moja ya kemikali zinazobeba taarifa hizi na mfupa ukachelewa. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana. Hata hivyo kunywa kila siku kwa mguu usiouma hakuna maana yoyote, na nikamtaka amwambie daktari.

Daktari alipopita nikamshirikisha. Akaangalia picha, akaminya vidole, akasema kitu nilichokuwa nakiombea: hogo refu litoke, afungwe fupi la chini ya goti, aanze kukanyagia kidogokidogo na magongo yake. Kwa hatua hiyo mfupa unautaka uzito. Ndani ya mfupa mgumu kuna seli zinazohisi kukandamizwa, nazo zikihisi zinapunguza sklerostini, protini inayowazuia wajenzi. Mzigo wa kiasi unaharakisha kazi. Mzigo wa kuendesha bodaboda siyo wa kiasi, hilo nilimwambia mara mbili.

Msumeno wa plasta unatisha kwa kelele, kwa hiyo nikauweka kiganjani kwangu kwanza aone haukati ngozi, unatikisika tu. Hogo likafunguka. Mguu ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka magamba, harufu ya wiki tano. Mama akautazama, akauosha mwenyewe kwa maji vuguvugu bila kuambiwa. Halafu soksi, pamba, plasta. Unaitumbukiza kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, unakamua kwa kubana ncha zote mbili, unazungusha bila kuvuta. Unailaza kwa kiganja, vidole usitumie, kwa sababu kila alama ya kidole inabaki kibonyeo kinachokula ngozi. Chini ya pia ya goti unakandamiza kwa viganja na kushikilia mpaka ishike, ili uzito uegemee hapo. Mabega yangu yaliwaka moto. Nilimshikilia huku nikihisi plasta inapata joto chini ya mikono yangu, na kijana kimya kabisa.

Saa nzima na zaidi. Nilipofungua mlango, baba mmoja akanifokea kwamba tunakaa kupiga soga.

Baada ya hapo siwezi kusema kwa uhakika nini kilikuwa saa ngapi. Zililetwa ajali mbili kutoka barabara kuu, na wote wawili tuliwafunga plasta ya nusu kwa sababu mguu utavimba zaidi kesho, na hogo la mzunguko kwenye mguu unaovimba linakaba damu. Ndugu wa mmoja aliona tumembania, akataka lile "zima". Nikaeleza. Nikaeleza tena kwa kaka yake aliyefika baadaye. Nilikula ndizi nikiwa nimesimama, sijui ni saa 9 au 10. Maji ya ndoo yalishapoa, birika likasahaulika, vidole vyangu vimepasuka kwa jasi na baridi mpaka vinatoa damu kwenye kona za kucha. Nikaagiza plasta za inchi sita kwenye daftari la stoo, zimebaki chache.

Hii kazi naipenda. Nimechoka na bado naipenda, kwa sababu sijui kazi nyingine ambayo unaona kwa macho yako mtu akirudishwa kwenye miguu yake.

Nilifika nyumbani giza limeshaingia. Nimekaa tu simu ikaita, namba ngeni. Ni yule kijana, namba kapewa na mtu wa mapokezi.

"Sista, vidole vinavimba kidogo."

"Vinasogea?"

"Vinasogea."

"Vina ganzi? Vya baridi? Kuna maumivu yanayozidi?"

"Hapana."

"Bonyeza kucha ya dole gumba, uachie. Wekundu unarudi?"

Akakaa kimya kidogo. "Unarudi haraka."

"Basi lala, weka mito chini ya mguu uwe juu kuliko moyo. Ukipata ganzi usiku au maumivu yakizidi, usisubiri asubuhi, njoo dharura wakufungue. Na sigara?"

"Mama kachukua pakiti."