Wavu, stuli na ndoo ya mama

Nasomea usanifu majengo, na mwezi uliopita nilikwama vibaya na projekti ya studio, lile somo letu la kubuni. Saiti tulipewa Bagamoyo, kule karibu na soko la samaki, tubuni banda la kupumzikia wavuvi na wachuuzi halafu eti "mcheze na umbo na nafasi". Haya. Wiki 2 nzima nachora mapaa yamepindapinda kwenye kompyuta, mazuri kweli kwa macho, ila ukiniuliza kwanini limepinda hapa na sio pale sina la kukwambia.

Nikarudi nyumbani kwa bibi, Mji Mkongwe. Mimi nimekulia humo na sikuwahi kujiuliza kwanini vyumba vyetu virefu halafu vyembamba kama korido. Kumbe boriti! Mkoko wa kubeba dari ya mawe na chokaa hauzidi sana mita 3, basi na chumba upana wake ndio huohuo, yaani aliyekata mikoko kashachora plani kabla fundi hajafika. Hapo ndo nikaona mimi nimeanzia mwisho.

Afu nikakumbuka mambo ya Gaudí, yule msanifu majengo wa Barcelona. Kuna kanisa la Colònia Güell alilitafutia umbo kwa kamba tu, alizining'iniza, akazifungia vimfuko vya risasi kama chubwi, zikalegea zinavyotaka zenyewe, akapiga picha akaigeuza juu chini, matao hayo. Kamba inayoning'inia inavutwa tu, ukilipindua umbo lake na ukalijenga kwa kitu kigumu basi linagandamizwa tu, na jiwe ukiligandamiza halina shida, shida ulivute.

Pwani kamba zinatafutwa? Nikamfuata babu mmoja anashona nyavu.

"Shikamoo babu."
"Marahaba mjukuu wangu, samaki saa hizi wameshaisha."

Nikamweleza, akacheka, akanikatia kipande kibovu. Nikapindua stuli ya jikoni miguu juu, nikafunga pembe 4 za wavu kwenye miguu 4, ukabonyea katikati kama bembea ya mtoto. Nikaanza kuupaka jasi kwa brashi. Jasi haina subira jamani, ya kwanza iligandia ndoo ya mama na hiyo kesi bado haijaisha mpaka leo. Kupaka mara 3, kesho yake nikakata kamba, nikageuza, nikaweka kwenye marumaru. Kimesimama! Kibanda kabisa, kina milango 4 ambayo sikuichora mimi.

Nikaweka tofali moja juu. Miguu ikateleza ikatanuka kama mbuzi aliyezaliwa leo, pembe moja ikapasuka kraa.

Nilipompelekea babu akakigeuzageuza, akasema si ukifunge miguu. Ndo hivyo tu. Stuli ilikuwa inazuia pembe zisivutwe kwenda ndani, nilivyogeuza zikawa zinasukuma kwenda nje na hakuna wa kuzishika. Nikatengeneza kingine, nikazungusha kamba mguu kwa mguu, kikabeba matofali 5. La 6 sikujaribu, mwoga mimi.

Siku ya juri, walimu wanapokaa kukagua kazi zetu, mmoja akaniambia kamba inaharibu muonekano. Nikajibu kwenye jengo lenyewe itakuwa nondo ndani ya zege chini ya sakafu, haionekani. Akasema sasa kama haionekani mbona kwenye modeli umeiweka juu? Nikabaki natabasamu tu, jibu zuri likanijia usiku nimeshalala. Ila mwingine alikaa muda mrefu ameinama anachungulia ndani kwa jicho moja, na mimi hiyo ilinitosha kuliko maksi.

Modeli ipo barazani kwa bibi sasa. Babu alipita juzi akaiangalia tena, akamwagia kikombe cha maji juu, yakashuka yote kwenye ile milango. "Mchuuzi na beseni lake la dagaa aingilie wapi mvua ikinyesha?" Nimeanza kuchora mifereji.