Siku moja na herufi za kulala

Saa 2:30 asubuhi. Kariakoo ndiyo kwanza inafungua milango. Nawasha kompyuta na kuirudia kazi ya jana: kadi 300 za harusi, singo na dabo. Majina ya maharusi nimeyaweka kwa Playfair Display ya mlazo, fonti ya bure ya Claus Eggers Sørensen iliyotoka mwaka 2011. Upande mmoja wa herufi umenona, mwingine mwembamba kama unywele, na kwenye ncha kuna vikanyagio vidogo vyenye makali. Kiswahili kinaipendeza sana. Tuna a, k, w na y kila mahali, na ndizo zinazojua kujipinda zikilazwa. Hata a huvua kofia yake.

Saa 4:00 anaingia mama wa bibi harusi, na wifi yake nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona namba za kamati sizioni?"

Ana haki. Kwa uroho wangu nilitumia fonti hiyohiyo hadi kwenye namba za simu, kwa ukubwa wa pointi 7 tu. Herufi za aina hii ni za kusimama mbele, kubwa, maneno mawili matatu basi. Ukizidogosha, ule unywele unakatika na 3 inaanza kufanana na 8. Namba, ukumbi na saa nazihamishia kwenye fonti nyoofu isiyo na vikanyagio.

Kisha anagusa kioo. "Na hii & ya nini?"

Namweleza kuwa ni neno la Kilatini *et*, herufi mbili zilizokumbatiana, kwa harusi hakuna alama inayofaa zaidi.

"Eti nini? Andika *na*."

Nimeandika *na*.

Saa 7:00, wali maharage.

Saa 8:15 niko kwa fundi wa mashine ya kuchapia ya ofseti, na hapa ndipo siku inapoishia. Kadi ni ya rangi ya damu ya mzee, majina yanabaki meupe. Wino ukitanuka hata kidogo unaimeza mistari myembamba, unabaki na vipande vya herufi. Wachapaji Bodoni kule Parma na akina Didot kule Paris walizinyoosha herufi za namna hii mwishoni mwa karne ya 18, ila wao walichapa kwenye karatasi laini. Mimi nina karatasi ya mikwaruzo aliyoichagua shangazi mtu. Fundi anachungulia kwa lenzi, anatikisa kichwa: "Nenepesha, kaka." Naongeza unene kidogo kuzunguka herufi zote. Wenye fonti zao wangenuna, lakini majina yatasomeka.

Saa 11:00 pleti za kuchapia zinachomwa kwa mwanga.

Saa 1:20 usiku, nimesimama kwenye daladala, simu inalia. Ni mama: "Mwanangu, baba yake kaiona picha. Anasema ile alama ya kukumbatiana irudi."