Kijivu kinachoiponza Copiapoa

Ukikuta Copiapoa, kaktasi ya jangwani, inauzwa mtandaoni, itazame rangi kabla ya kuuliza bei. Iliyokuzwa kitaluni kwa kawaida ni ya kijani. Iliyong'olewa jangwani ni ya kijivu, imepakazwa kitu kama vumbi. Hilo vumbi ni nta inayoikinga na jua, na ndilo wanunuzi wanalolipia. Ila rangi peke yake haitoshi: Copiapoa cinerea (mojawapo ya spishi zake) ya mbegu, ikiachwa juani miaka mingi, nayo hupauka. Kwa hiyo geuza mmea. Kitako kigumu kama gome, miiba ya zamani iliyovunjika ncha, na mizizi iliyokatwa kwenye kaktasi kubwa kama kichwa cha mtu: huo umeibwa, hata muuzaji aape vipi.

Jenasi hii nzima ni ya Chile tu, upande wa jangwa la Atacama. Mvua huko ni ya kubahatisha. Mimea huishi kwa ukungu wa baharini, ambao wenyeji huuita camanchaca. Ndiyo maana hukua polepole mno. Mwaka 2013 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliziweka asilimia 55 ya spishi zake katika hatari ya kutoweka. Tathmini iliyotangazwa Juni 2024 ikafika asilimia 82. Wizi umo, mabadiliko ya tabianchi yamo, na barabara na nyumba mpya zimekula makazi yake huku zikimfikisha mwizi mahali ambapo zamani asingefika.

Kisheria, Copiapoa iko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, sawa na mishubiri yetu mingi (Aloe vera imeachwa nje). Mmea hai hauvuki mpaka bila kibali. Mbegu za kaktasi za Kiambatisho hicho hazidaiwi kibali cha CITES, isipokuwa zinazotoka Mexico, ingawa cheti cha afya ya mimea bado unaweza kudaiwa. Basi anza na mbegu za kitaluni. Zitandaze juu ya mchanga mkubwa uliochanganywa na udongo kidogo, usizifukie, funika kwa plastiki angavu na uziweke kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25. Miche ikishatokeza, fungua plastiki kidogo kidogo. Hewa ikituama kuvu huikata shingoni, na trei nzima hulala.

Anayenunua kaktasi kubwa iliyong'olewa "ili kuiokoa" hajaokoa kitu. Februari 2020 polisi wa Italia walikamata kaktasi zaidi ya 1,000 huko Senigallia, nyingi zikiwa Copiapoa, na mwaka uliofuata zaidi ya 800 zikarudishwa Chile. Kuzirudisha jangwani ni kazi nyingine. Bila kujua kila mmea uling'olewa bonde gani, unaweza kuchanganya koo zilizotengana tangu zamani, tena ukapeleka wadudu na kuvu za bustani ya Ulaya mahali ambapo hazijawahi kufika.