Sanduku lina kufuli tatu, benki saini moja?

Mwaka 2019 niliingia kama mhasibu kwenye shirika moja la wakulima wa alizeti Singida, nimejiandaa kukamata wezi. Mwizi sikumkuta. Nilikuta boksi la risiti, nyingi zimefutika kabisa (hizi za EFD, mashine za risiti za kodi, ukiziweka juani zinabaki karatasi nyeupe), kitabu cha hundi kimesainiwa kurasa kumi mbele, na akaunti moja inayopokea hela za miradi mitatu.

Shida ilikuwa msimu jamani. Singida mvua ni ya mara moja tu kwa mwaka, mbegu isipofika Desemba basi tena, halafu hela ya mfadhili inaingia Februari, kwa hiyo kila mwaka Mzee mwanzilishi anachota hela ya mradi wa nyuki ananunulia mbegu, anasema tutarudisha, na kweli anarudisha, sema siyo yote na hamna maandishi. Mkaguzi alivyokuja akatupa hati yenye shaka, yaani mahesabu yetu yana kasoro, mfadhili mmoja akafunga bomba miezi minne, mishahara ikakwama na mimi mgeni ndo nikaanza kuangaliwa vibaya.

Nikafungua akaunti kila mradi, usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki) kila tarehe 5 maana tarehe 7 TRA, watu wa kodi, wanataka PAYE yao, ile kodi ya mishahara. Na masurufu, ile hela unayopewa kabla ya safari ya kazi, ukirudi fildi usiporejesha risiti ndani ya siku saba hupewi mengine. Maafisa ugani walininunia wiki tatu nzima. Kuna sehemu walikuwa na haki, petroli ya kwenye chupa huko vijijini risiti unaitoa wapi, tukakubaliana iwe fomu inayogongwa muhuri na mtendaji wa kijiji.

Bodi ndo ilinitoa jasho. Watu watano, watatu ndugu zake Mzee, mwaka mzima hawajakaa kikao ila mihtasari ipo kwenye faili! Nilipoligusa Mzee akaniambia, "Binti yangu, hili shirika nimelianza na baiskeli, leo unaninyang'anya hundi?" Sikubishana nae, nikampa tu karatasi ya deni ambalo mradi wa alizeti unadaiwa na mradi wa nyuki. Akaisoma mara mbili akaondoka bila kuaga.

Mkutano mkuu ukaingiza wakulima wawili kwenye bodi, mmoja ni mama anayeendesha vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, kijijini kwake. Kikao cha kwanza tu akauliza, "Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, nyie mamilioni yote haya saini moja?" Kimyaa. Siku hiyo hiyo tukapitisha watia saini watatu, kila hundi lazima wawili, na kati yao hamna ndugu wa mwenzie.

Mfadhili nae tulimpelekea kalenda ya mvua, sasa anatuma Oktoba.

Juzi Mzee alienda kikao Dodoma, siku ya nane risiti hamna, akataka masurufu ya safari nyingine nikamgomea. Alinuna hasa. Jioni kaleta risiti za gesti kwenye mfuko wa rambo, kazipanga kwa tarehe.