Muhuri bila tarehe

Hii ilikuwa Oktoba 2022, Stuttgart, mwaka wangu wa tatu huku. Mi naandika programu za breki, kile kikompyuta kinachosoma spidi ya kila tairi, na kazini wakatupeleka kozi ya siku mbili ya kriptografia, yaani hesabu za kuficha na kuthibitisha taarifa, maana toka Julai ile kanuni ya UN namba 155 ilishaanza kubana Ulaya, gari la aina mpya halipiti bila kuonyesha limelindwaje na wadukuzi.

Mwalimu, mama wa makamo, hakuanza na hesabu. Aliweka mezani dashibodi iliyong'olewa kwenye gari, nyaya mbili zimesokotana, na laptop. Injini hamna, tairi hamna. Akabonyeza, mshale wa spidi ukaruka mpaka 180! Moyo ulinilipuka kwa kweli, miaka yote programu yangu inapokea mesej za waya wa CAN, ule ambao vikompyuta vya gari vinaongelea, na kuziamini, na CAN yenyewe Bosch waliitambulisha 1986, gari kuwa na intaneti nani aliwaza, ndani ya mesej hamna kitu cha kuthibitisha nani kaituma. Akatukumbusha 2015, watafiti wa usalama Miller na Valasek walivyoishika Jeep Cherokee wakiwa mbali nayo, magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa.

Zoezi likawa kuziba hilo. Mwenzangu akataka tufiche mesej nzima kwa AES, njia ya kugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo, mwalimu akamwambia spidi siyo siri, shida ni nani kaisema. Basi tukaweka muhuri, unakokotolewa kwa ufunguo wa siri ambao vinao vikompyuta viwili tu, na kwa vile mesej nzima ina nafasi ya baiti 8 tu tukaukata muhuri zikabaki 3. Ukigusa namba moja tu, inakataliwa. Tukapeana mikono. Mwalimu akachukua mesej yetu ya 180 aliyokuwa ameirekodi, ileile na muhuri wake halali, akairusha upya. Mshale ukaruka tena.

Hapo ndo nikamkumbuka baba. Alikuwa mtendaji wa mtaa Tanga, barua za utambulisho zote zinapita kwake, na muhuri wake ulikuwa na zile namba za tarehe za kuzungusha kwa kidole, kila asubuhi kabla ya chai anazizungusha, kidole gumba cha bluu mpaka jioni. Siku moja nikamsaidia kugonga nikasahau kuzungusha, akaichana ile barua mbele ya mwenyewe, akaniambia "Mwanangu, barua isiyo na siku yake atakuja nayo mtu hata mwakani."

Tarehe! Tukaongeza kaunta, namba inayopanda kila mesej, iliyoshapita haikubaliwi tena, na inaingia kwenye hesabu ya muhuri, pande zote mbili zinaitunza nzima ila kwenye waya inapita baiti yake ya mwisho tu. Mwalimu akarusha ile ya zamani. Mshale ukalala pale pale kwenye sifuri, nikautazama muda mrefu.

Jumatatu kazini nikafungua programu ya breki nikaanza kuhesabu mesej tunazopokea bila muhuri. Nilifika 41 kabla ya chai.