Doa Lililokataa Kukauka

Mwaka wetu wa kwanza katika jengo hili la mtaa wa Nyawera, tuliamini kwamba maji yote yanayoonekana ndani ya nyumba mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, yanatoka mbinguni. Haikuwa imani ya kijinga. Mvua hapa huanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano, mji umekaa juu ya vilima na rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na jengo lenyewe ni la wakati wa Wabelgiji, la ghorofa tatu, lenye paa bapa la zege na mabomba ya maji ya mvua yaliyofichwa ndani ya kuta. Kwa hiyo doa la rangi ya chai lilipotokea kwenye dari ya chumba cha kulala, karibu na kona inayotazama ziwa, hatukuuliza mengi. Tulisema ni mvua. Mwenye nyumba alisema ni mvua. Fundi wa kwanza, ambaye hakupanda hata ngazi kwenda kuliona paa, alisema vilevile, akaomba pesa ya debe moja la rangi.

Kuna jambo ambalo lingetushtua kama tungetulia kidogo. Sisi tunakaa ghorofa ya katikati. Kati ya dari yetu na paa kuna makazi mazima ya mama mmoja mzee, ambaye familia yetu humwita Mama wa Juu, na mvua ingepaswa kumlowesha yeye kabla ya kutufikia sisi. Hatukuwaza hivyo. Tulipaka rangi, na baada ya wiki tatu rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, ikapasuka, na chini yake kukatoka unga mweupe ambao mtoto wetu aliukusanya kwa kijiko akidhani ni sukari. Unga huo ni chumvi. Zege, lipu na matofali yana chumvi ndani yake. Maji yakipita huziyeyusha na kuzibeba, na yanapofika juu ya lipu na kukauka huziacha pale pale. Mtu anayeona unga huo anapaswa kuelewa kwamba maji yanapita ndani ya ukuta au dari, na kwamba rangi mpya ni pesa iliyotupwa.

Niseme pia, kwa haki ya jengo, kwamba si kila unyevu ulikuwa kosa lake. Nyuma ya kabati kulikuwa na ukungu mweusi, na tulikuwa tumeuingiza katika hesabu ile ile ya mvua. Mama wa Juu ndiye aliyetufundisha kukata kipande cha plastiki, kukibandika ukutani kwa gundi pande zote nne, na kukiacha siku mbili. Matone yakitokea upande wa nyuma, unaogusana na ukuta, maji yanatoka ukutani; yakitokea upande wa mbele, yanatoka katika hewa ya chumba. Yetu yalikuwa mbele. Tulikuwa tunaanika nguo ndani msimu mzima wa mvua na kupika kwa makaa huku dirisha limefungwa. Kabati lilisogezwa umbali wa kiganja kutoka ukutani, dirisha likaanza kufunguliwa asubuhi, na suala hilo likaisha.

Doa la dari halikuisha. Mwezi wa sita ulifika, vumbi likaanza kupanda barabarani, majani ya migomba kule bondeni yakachoka, na doa bado lilikuwa limelowa. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Nilipanda juu ya meza na kuchora mstari wa penseli kuzunguka ukingo wa doa, nikaandika tarehe pembeni, na nikaamua kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nitaangalia kama maji yamevuka mstari. Mke wangu aliona ni upuuzi kuandika juu ya dari kama watoto wa shule. Lakini baada ya siku kumi na mbili tulikuwa na mistari minne tu, na yote minne ilikuwa ya asubuhi zilizofuata usiku ambao maji ya bomba yalikuja.

Kwa msomaji asiyeishi hapa, nieleze. Katika mtaa wetu maji ya bomba hayatoki kila saa. Huja usiku, baadhi ya siku, na kuja kwake husikika: mabomba yanakohoa, yanatema hewa, kisha nyumba nzima inaamka kujaza bidoni na mapipa. Asubuhi yamekwisha. Ndiyo maana uvujaji wa bomba katika nyumba kama hii ni mgumu kuutambua kuliko mahali ambapo maji hutoka siku nzima. Bomba lililotoboka huvuja kwa muda wa saa tatu au nne tu, tena wakati watu wamelala, na mchana fundi anapokuja kuangalia hukuta pakavu, hugonga hapa na pale, na kutoa jibu ambalo tayari kila mtu analo.

Nilipoiona ile mistari minne nilimshuku Mama wa Juu. Nilidhani anasinzia pipa likijaa, na maji yanamwagika sakafuni. Nilipanda kwake jioni, na nikiri kwamba nilipanda na maneno niliyokuwa nimeyatayarisha.

«Mwanangu, mimi sijamwaga hata kikombe,» alisema. «Ingia uangalie.»

Bidoni zake zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kila moja na kizibo chake, na sakafu ilikuwa kavu kuliko yangu. Niliona haya. Nilikuwa naomba radhi nishuke, akanishika mkono.

«Lakini ngoja nikuambie kitu. Usiku maji yakija, ule ukuta wa dushi unalia kama sambaza kwenye mafuta.»

Sambaza ni samaki wadogo wa ziwa letu, na sijawahi kupata maelezo bora zaidi ya uvujaji wa bomba lenye shinikizo. Maji yanayotoka katika tundu dogo kwa nguvu hutoa sauti hiyo hiyo ya kukaanga, ilhali maji machafu yanayovuja katika bomba la kutolea hudondoka polepole na hayana sauti ya kudumu. Tofauti hii ni ya kwanza kuijua kabla ya kuvunja chochote. Bomba la kuleta maji huvuja kila shinikizo linapokuwepo, hata kama hakuna anayetumia maji. Bomba la kutolea huvuja tu pale mtu anapooga au kumwaga. Ili tuiondoe sakafu ya dushi katika lawama, tuliziba tundu lake kwa kitambaa, tukajaza maji ya kina cha vidole viwili yaliyotiwa rangi nyekundu ya keki, na kuyaacha mchana mzima hadi siku ya pili. Kina hakikupungua, na dari yetu haikutoa tone jekundu. Sakafu ilikuwa nzima.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa aina nyingine. Nilipomweleza kuhusu usiku hakucheka; alisema atakuja kuusikiliza ukuta mwenyewe. Na kwa kuwa hakuna fundi anayetembea Bukavu saa nane za usiku, alilala kwenye kochi letu, viatu vyake vimepangwa mlangoni na mfuko wa vifaa chini ya kichwa. Maji yalipokuja, tulifunga koki zote za kwetu na za Mama wa Juu, tukashuka na tochi kwenye kontere, yaani mita ya maji. Koki zote zimefungwa, na bado kile kigurudumu kidogo chekundu kilikuwa kinazunguka, polepole, bila haraka yoyote. Fundi alinituma kufunga koki kuu inayoelekeza maji ghorofa ya juu. Niliporudi kigurudumu kilikuwa kimesimama. Tuliifungua, kikazunguka tena. Tulirudia mara tatu, labda kwa ajili ya raha tu.

Asubuhi aligonga ukuta wa dushi kwa mpini wa nyundo, akisikiliza, mpaka akafika mahali ambapo sauti ilikuwa nzito. Alitoa karo nne, yaani vigae vya ukutani. Ndani kulikuwa na kona ya bomba la chuma, la aina ile ya zamani iliyopakwa zinki, na katika kona hiyo tundu lisilozidi kichwa cha sindano. Mabomba haya huliwa na kutu kuanzia ndani, na mara nyingi kutu huanzia penye viungo, kwa sababu pale zilipokatwa hesi, ile mikato ya mzunguko ya kufungia, zinki iliondolewa na chuma kikabaki chembamba. La kwetu lilikuwa limefanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Sina ugomvi nalo.

Hesabu yetu ilitaka tubadilishe kona hiyo moja, tufunge ukuta, tulale. Fundi alikataa, na namshukuru. Ukiikaza kona mpya kwenye hesi iliyooza, unavunja kiungo kinachofuata, na utaurudia ukuta huo huo baada ya miezi michache. Aliliacha bomba lote la zamani life ndani ya ukuta, akapitisha la plastiki nje ya ukuta, kuanzia koki kuu mpaka dushi, akiunga viungo kwa moto. Mama wa Juu alilalamika kwamba linaonekana kama utumbo wa mbuzi. Ni kweli, halipendezi. Lakini mimi sasa nina msimamo juu ya jambo hili: katika nyumba ya zamani, bomba baya linaloonekana ni afadhali kuliko bomba zuri lililozikwa, kwa sababu lile la kwanza likitoboka litakuambia siku hiyo hiyo.

Kilichonishangaza zaidi ni umbali. Kona iliyotoboka na doa letu vilitenganishwa na mita mbili na nusu hivi. Maji yalikuwa yamedondoka juu ya zege, yakalitafuta bomba jembamba la nyaya za umeme lililozikwa ndani yake, yakalifuata kama njia ya mbuzi mpaka lilipopinda karibu na kona ya chumba chetu. Kwa hiyo muda wote tulikuwa na maji na umeme katika njia moja. Fundi alipoliona hilo aliondoa fyuzi ya chumba kabla ya kusema neno lolote. Ningelijua, ningeiondoa siku ya kwanza. Yeyote anayeona doa karibu na taa au swichi aanze na fyuzi, rangi na lawama vitasubiri.

Zege nayo ilikuwa imeumia. Nondo zilizo ndani ya zege nzuri hazipati kutu kwa urahisi, kwa kuwa saruji huzilinda kwa ukali wake wa chokaa. Lakini ulinzi huo hupungua kadiri miaka inavyopita, na maji yakifika kwenye nondo, kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Kutu inavimba, zege inapasuka. Kipande cha ukubwa wa sahani kilidondoka chenyewe tulipokuwa tunakwangua, na juu yake tukaona nondo nyekundu. Fundi alichonga mpaka akafika kwenye chuma kizima, akasugua kwa brashi ya waya hadi king'ae, akakipaka dawa ya kuzuia kutu, kisha akajaza kwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga. Rangi alituzuia kuinunua. Dari ilikaa wazi, mbaya, mwezi wa saba wote na wa nane wote, ikikauka.

Kuhusu malipo nitasema kwa kifupi, ingawa kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko bomba. Jengo lina wenye nyumba zaidi ya mmoja, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye anayehusika. Katika nchi yetu kuna sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba za kuishi, na matengenezo makubwa ni mzigo wa mwenye nyumba, wala si wa mpangaji. Lakini kilichosaidia zaidi ni picha za ile mistari ya penseli na tarehe zake. Mwenye nyumba wa juu alilipia bomba. Wa kwetu alikubali gharama ya dari ikatwe katika kodi ya miezi miwili, na tukaliandika hilo na kulitia sahihi. Karo nne za Mama wa Juu hakuna aliyezilipia. Hazipatikani tena sokoni, na mahali pake pana saruji tupu.

Mvua ziliporudi mwezi wa tisa, doa dogo lilitokea chini ya dirisha. Safari hii ilikuwa mvua kweli. Ukuta wa nje una ufa ambao wazee wa jengo wanasema ni wa tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lile la ukubwa wa 5.9, na fundi aliupanua kwa patasi mpaka ukawa na umbo la V, akaujaza. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye kizingiti. Waliojenga nyumba hii walichora mfereji mwembamba chini ya kizingiti cha kila dirisha, karibu na ukingo wake, ili tone la mvua likifika pale lidondoke chini badala ya kurudi nyuma na kuushika ukuta. Wapakaji rangi, kwa muda wa miaka sitini, walikuwa wameuziba mfereji huo, tabaka juu ya tabaka. Fundi aliukwangua kwa msumari mrefu, akiwa ameinama nje ya dirisha huku nimemshika mkanda, na vipande vya rangi vilivyoanguka vilikuwa na mistari ya kijani, krimu, bluu na kijani tena.

Jana usiku imenyesha kwa saa tatu. Asubuhi nilipitisha mkono chini ya kizingiti. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye ukingo, na ukuta ulikuwa mkavu. Lililobaki ni paa. Katika mdomo wa bomba la maji ya mvua kumeota mti mdogo, mizizi yake tayari imeingia ndani, na kwa kuwa paa ni la wote hakuna anayekubali kuwa ni lake. Jumamosi tunakutana kwa Mama wa Juu kulizungumzia. Ameshaniambia nije na daftari.