Mwendo wa tepu

Jumapili, usiku

Fundi redio akisikia rekoda ya rili inayoyumba sauti, huuliza kwanza mkanda wa mpira wa kuzungushia uko wapi. Kwenye Revox A77 swali hilo halifiki mbali, maana mpira pekee wa kuzungusha kitu ni ule mdogo wa kaunta. Mashine hii ya Uswisi, iliyoanza kuuzwa 1967, ina mota tatu: mbili za rili, na ya tatu ni ya kuvuta tepu. Ekseli ya hiyo ya tatu ndiyo inayogusa tepu moja kwa moja, bila gia wala puli katikati.

Hii yangu aliileta marehemu mjomba, baharia, ikakaa miaka mingi Tanga na hewa yake ya chumvi.

Kinachonifurahisha ni jinsi mota ya tepu inavyojichunga. Linalozunguka ni ganda lake la nje, na ukingoni lina meno. Pembeni kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachoyahesabu yakipita: 1,600 kwa sekunde tepu ikienda mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, na 800 kwenye sentimita 9.5. Yakipungua, saketi inaongeza nguvu, yakizidi, inapunguza. Rekoda nyingi za enzi zile zilifuata mapigo ya umeme wa ukutani, hivyo jenereta ikichoka, mwimbaji naye anachoka. Hii haijali.

Kazi ilikuwa ya pamba na subira. Mafuta ya beringi yalikuwa yamegeuka gundi. Nilisafisha ekseli kwa spiriti, nikazipa bushi mafuta mepesi, tone baada ya tone, mpaka zikanywa vya kutosha. Wapo wanaopulizia kila kitu dawa ya kulegezea kutu. Naona ni uvivu tu: inaosha mafuta yaliyobaki, kisha yenyewe inakauka. Breki nazo nilizifuta kwa spiriti bila kuzigusa kwa vidole. Kapasita moja ya mota ilikuwa imepasuka ganda, nikabadilisha zote. Gurudumu la mpira linaloibana tepu kwenye ekseli lilikuwa gumu, linang'aa kama pembe ya ng'ombe. Hilo halisuguliwi kwa msasa likapona, linanunuliwa jipya.

Kupima mwendo hakuhitaji mitambo. Sentimita 19 ni namba ya mdomoni. Hasa ni 19.05, kwa hiyo dakika moja inameza mita 11.43. Nilitandaza tepu tupu sebuleni, nikaipima kwa futi ya fundi cherehani, nikatia alama mbili za kalamu ya nta. Saa ya simu ikaonyesha sekunde sitini, na tofauti iliyobaki ni ya kidole gumba changu.

Ndipo nikaweka tepu ya taarabu ya harusi, iliyorekodiwa nyumbani kwetu kwa rekoda ya kuazima. Shangazi alikuwepo siku hiyo, akiitikia. Alisikiliza ubeti mmoja tu.

"Baba, huyu mbona kapandishwa? Hakuwa na sauti ya kitoto hivi."

Nikamwambia mashine imepimwa. Akanijibu kwamba yeye hakupima, alikuwa amekaa mbele ya fidla.

Nadhani sote tuko sawa. Rekoda ya kuazima ikienda polepole wakati wa kurekodi, pengine kwa betri zilizochoka, basi kwenye mashine yenye mwendo sahihi kila kitu kinapanda. Upungufu wa asilimia sita tu unatosha kupandisha wimbo karibu nusu toni. Kabla ya matengenezo nisingeweza kusema kosa liko upande gani.

Nitanakili kwanza kwenye kompyuta kama ilivyo, bila kugusa chochote. Kisha nitatengeneza nakala ya pili, niishushe kidogo kidogo Shangazi akiwa pembeni, mpaka aseme basi. Keshaniambia nisimwite kabla ya alasiri.